Shajara ya mradi wa moyo, Bukavu: elektro, eko na daftari la maswali

Wiki ya 1, siku ya kwanza

Bon, tumeanza. Naandika haraka mbele kuranti ikatike, juu nikisema nitaandika kesho, sitaandika.

Tuko kwenyi lopitali ndogo upande wa Kadutu, kule juu kwa ngazi za udongo, na kale kamulima njo kipimo chetu cha kwanza: mwenye anafika juu anaongea tunamwambia akae, mwenye anafika hawezi kumaliza jina lake anapita mbele ya wote. Vyombo tuko navyo viwili. Mashini ya elektro ya okazio, yenye kuandika umeme wa moyo, njia 12 (inatazama moyo toka pande 12), inatoa karatasi yenye mistari mitatu mitatu, na eko ndogo ya mukono, yenye kutoa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ile sonda yake inachomekwa kwenyi tablete. Watu ni mimi, dokta mwenzangu wa usiku, yaya wa materinite mwenye alifika pale mbele yetu wote, enfirmye wawili wa urujansi, na mudogo mmoja stajeri mwenye anapenda eko kupita chakula.

Sheria ya mradi ni moja tu. Mbele ya kushika mashini yoyote unafungua daftari unaandika swali. Mustari moja. "Moyo huu unapiga kwa ritimu gani?" hilo ni swali la elektro. "Kuna maji kuzunguka moyo?" hilo la eko. "Huyu mama anakosa pumzi juu ya moyo ao juu ya mapafu?" hapo zote mbili zinaitwa, na masikio na mikono pia. Juu zamani tulikuwa tunafanyaka nini? Tunachukua mashini yenye iko na bateri, inatuambia kitu, tunaamini, kwisha. Nataka kuona kama katika miezi mitatu tunaweza kuacha hiyo tabia.

Mudogo ameuliza: "Dokta, na kama sina swali?" Nikamujibu basi rudi kwa mugonjwa uongee naye tena.

Wiki ya 1, siku ya tatu

Leo elektrodi, vile vidude vya kushika waya za elektro kwenyi ngozi. Nilifikiri itachukua saa moja, ikachukua siku nzima.

Mikono na miguu ni rahisi kama unakumbuka rangi: nyekundu mukono wa kuume, njano mukono wa kushoto, kijani muguu wa kushoto, nyeusi muguu wa kuume. Na kumbe hata hivyo enfirmye wetu moja alibadilisha nyekundu na njano, tukapata karatasi yenye D1 (njia ya mukono kwa mukono) yote imepinduka, P (wimbi la vyumba vya juu vya moyo) chini, QRS (wimbi la vyumba vya chini) chini, T (vikipumzika) chini, na aVR, njia yenye inatazama toka mukono wa kuume, imesimama juu inajivuna. Mudogo akaruka: "Moyo wake uko upande wa kuume!" Pole pole. Kama moyo uko kweli upande wa kuume, na zile V za kifua, V1 mpaka V6, zinaharibika, mawimbi ya R (ncha ndefu ya QRS) yanapungua kadiri unaenda V6. Hapa V zilikuwa muzuri, R inakua kutoka V1 kwenda mbele kama kawaida. Kwa hiyo ni waya. Tukabadilisha, moyo ukarudi kushoto, muujiza umekwisha.

Kifua njo kazi yenyewe. Karibu wote wanaweka V1 na V2 juu sana, karibu na mitulinga, juu wanakadiria kwa macho. Hapana. Unashusha kidole katikati ya kifua mpaka unasikia kale kavimbe ka mufupa, pembeni yake njo ubavu wa pili, chini yake nafasi ya pili, unahesabu mpaka ya ine: V1 kuume kwa mufupa, V2 kushoto. V4 nafasi ya tano, kwenyi mustari wa katikati ya mutulinga, V3 inakaa kati yao, V5 na V6 zinaendelea sawa na V4 mpaka chini ya kwapa. Tulipimana sisi kwa sisi. Enfirmye mwenye mwili mukubwa alitafuta ubavu wake mwenyewe dakika tano akasema mimi sina mbavu.

Halafu kosa lenye sikulijua mpaka nililiona. Yule enfirmye wa pili alipaka jeli kifua kizima, mustari mrefu muzuri toka V1 mpaka V6, kama mutu anapaka siagi kwa mukate. Karatasi ikatoka: V zote zinafanana, sita mapacha. Jeli inapitisha umeme, sasa zile elektrodi zote zimekuwa elektrodi moja ndefu. Tukapanguza, tukaweka tone tone la ukubwa wa mbegu ya maharagi, kila moja peke yake, na V zikarudi kuwa sita.

Neno la rido: wamama hawatavua nguo kwenyi sale yenye mulango wazi na mudogo kijana anashika ventuzi za kubandika elektrodi mukononi. Yaya wa materinite akasema atafanya yeye kwa wamama wote mpaka tupate rido ya maana. Ameleta kitenge chake, amekifunga kwa kamba. Tatizo limekwisha kwa kitenge.

Wiki ya 2

Mvua kila asubuhi, baridi ya ziwa inapanda mpaka kwetu. Muzee moja wa Bagira analetwa na mutoto wake, amechoka, moyo unaruka. Swali kwenyi daftari: ritimu gani? Sawa kabisa. Mudogo anapima, analeta karatasi mbio mbio: fluteri, vyumba vya juu vinapiga mbio mbio! Na kweli ukitazama D1 na D2 kuna mawimbi ya meno meno kati ya kila QRS, meno ya musumeno, kama kitabu.

Lakini nikatazama D3. D3 safi. P moja, QRS moja, nadhifu. Sasa moyo utakuwaje na fluteri kwenyi D1 na D2 halafu D3 haina habari? D1 ni mukono na mukono, D2 ni mukono wa kuume na muguu, D3 ni mukono wa kushoto na muguu. Kitu kimoja chenye kiko ndani ya D1 na D2 na hakiko ndani ya D3 ni mukono wa kuume. Tukaenda kumutazama muzee. Mukono wa kuume uko nje ya blanketi, unatetemeka, umeshika chuma ya kitanda.

Tukamufunika, mutoto wake akamuletea chai ya moto, tukangoja. Karatasi ya pili: ritimu ya kawaida na midundo ya ziada hapa na pale, njo ile kuruka anasikiaka. Muzee akasema: "Mutoto wangu, nilikuambia nasikia baridi, wewe ukaniambia usitikisike." Ni kweli. Alituambia.

Kitu kingine cha wiki hii ni kuranti. Kuranti ikikatika tunawasha grupu, na mashini ikichomekwa kwenyi grupu mustari wa chini unakuwa munene wenye manyoya, ni yale mawimbi ya 50 kwa sekunde ya umeme yanaingia. Kuna filtri lakini mi napenda kuchomoa kabisa, kupima na bateri, na kuondoa simu zote kitandani. Bateri inashika wagonjwa kama kumi na mbili, kisha tunaomba Mungu.

Hesabu ya mapigo tumekubaliana hivi. Ritimu ikiwa sawa, 300 unagawanya na viboksi vikubwa kati ya QRS mbili. Ikiwa haina mpango, kama fibrilasio, vyumba vya juu vinatetemeka tu, usigawanye kitu: chukua rula ya mwanafunzi ya santimeta 15, ilaze kwenyi karatasi, hesabu QRS zenye ziko ndani, zidisha mara kumi. Karatasi inatembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo santimeta 15 ni sekunde 6. Mudogo amenunua rula yake Nyawera, anatembea nayo mufukoni kama stilo.

Wiki ya 3: habari ya jeli

Jeli imekwisha. Chupa ya mwisho tuliikata na wembe tukakwangua.

Basi tumefanya ya muhogo. Kipimo kimoja cha unga kwa vipimo vine vya maji, nusu kijiko ya chumvi, unakoroga juu ya moto mpaka inakuwa laini yenye kuvuta, unaacha ipoe kabisa. Mama wa jikoni alisimama anatutazama mikono kiunoni. "Mnapika bugali ao mnapika nini? Hiyo hata mbwa hatakula." Aksanti mama, hailiwi.

Kwa eko inafanya kazi, picha inatoka, kama umeponda vibonge vyote, juu kila kibonge kina hewa na hewa njo adui wa eko, mawimbi yake hayapiti, unaona kivuli tu. Ubaya ni mbili. Siku ya pili inaanza kunuka pombe ya kasiksi, kwa hiyo ni ya leo leo tu, ya jana inamwagwa. Na inakauka kwenyi sonda, usipopanguza palepale utakwangua na kucha, na sonda ile ukiikwangua umeua mradi. Na kwenyi kidonda haiwekwi hata kidogo.

Nikiwa nakoroga niliwaelezea juu ya Einthoven, yule wa Leiden mwenye alipewa Nobel mwaka 1924 kwa elektro. Mashini yake ilikuwa inajaza chumba, na mugonjwa alikaa na mikono na muguu ndani ya ndoo za maji ya chumvi, ndoo zile njo zilikuwa elektrodi. Enfirmye akasema kumbe sisi hatuko nyuma sana, chumvi tuko nayo. Na eko ya moyo nayo ilianza na mashini ya kuazima: mwaka 1953 kule Lund, Suède, Edler na Hertz walichukua chombo cha kutafuta nyufa ndani ya vyuma wakakiweka kwenyi kifua cha mutu. Nikiwaza zile mashua za pale bandarini zenye chuma yote kutu, naona ingefaa kuzipima na yetu siku moja.

Wiki ya 4, siku ya pili

Leo nusura tuandike uongo mukubwa. Mudogo anafanya eko ya mama wa miaka 50 mwenye tansio, anaandika: upande wa kuume umekuwa mukubwa, ukuta munene. Nikashtuka, juu tansio ya miaka inanenepesha kushoto, si kuume. Nikachukua sonda, na mimi nikaona vile vile! Ukuta munene upande wenye ningesema ni kuume.

Dakika mbili tumesimama kama watu wamepotea njia ya kwao. Kisha yaya wa materinite akapita, akatazama tablete akasema: "Hii mumeiacha kwenyi ya mimba." Alikuwa ametumia asubuhi kutazama mutoto tumboni, na kwenyi programu ya tumbo ile alama ya sonda inakaa kushoto ya ekrani, kwenyi programu ya moyo inakaa kuume. Kila kitu kimegeuka kama kwenyi kioo.

Sasa kuna kitu tumeongeza: usiamini ekrani inakuambia huku ni kushoto. Tafuta mwenyewe. Kwenyi ile picha ya vyumba vine, valvu ya trikuspidi, mulango wa upande wa kuume, inashikilia karibu na ncha ya moyo kidogo kupita ya mitrali, mulango wa kushoto. Upande wenye valvu yake imeteremka zaidi, huo njo kuume, hata ukipindua tablete juu chini.

Wiki ya 5: mama wa Idjwi

Hii nataka kuiandika polepole.

Mama wa miaka 24, mutoto wa tatu, amezaa wiki tatu zimepita. Wamemuleta na mashua toka kisiwa cha Idjwi, halafu pikipiki toka bandarini, halafu kumubeba kwenyi ngazi. Miguu imevimba, anakohoa usiku, analala akikaa ameegemea ukuta. Mama mukwe wake anasema wazi: ni karuho, sumu. Kuna mutu alimupa kinywaji kwenyi sherehe ya mutoto. Wamekwisha kupita kwa muganga wa kienyeji, amemutapisha siku mbili.

Swali kwenyi daftari, maandishi ya yaya: "Anakosa pumzi juu ya moyo?"

Elektro kwanza juu iko karibu. Mapigo 124, ritimu ya kawaida, T zimelala kidogo pande mbili tatu. Kwisha. Ukimupa mutu hiyo karatasi bila mugonjwa atasema huyu ameogopa ao ana homa. Na mwezi wa jana, nasema ukweli, ningesema elektro si mbaya, tutazame mapafu, tumupe antibiotiki.

Eko. Ventrikile ya kushoto, chumba cha kusukuma damu mwilini, kubwa, ya mviringo kama mupira, na kuta zake zinasogea kidogo tu. Ile valvu ya mitrali ikifunguka inatakiwa kuja karibu kugusa ukuta wa katikati, kupita milimita 7 ya nafasi tayari ni alama ya moyo dhaifu. Yake tulipima 16. Kisha sonda kwenyi mapafu: ile mistari mieupe ya kuteremka toka juu mpaka chini ya ekrani, tatu, ine kwa kila nafasi ya mbavu, pande zote mbili. Ni maji. Moyo umelegea baada ya kuzaa, ule ugonjwa wenye unakujaka mwezi wa mwisho wa mimba ao katika miezi mitano ya kwanza baada ya kuzaa, kwa mwanamuke mwenye hakuwa na shida ya moyo.

Sasa mama mukwe. Hakupiga kelele, alikaa tu anasema karuho, karuho. Sikutaka kubishana naye, nani mimi, umri wa mutoto wake wa mwisho. Nikamwita mudogo, nikamwambia vua shati, lala hapa. Nikaweka sonda kwenyi kifua cha mudogo, nikamugeuzia mama tablete. "Mama, tazama, huu ni moyo wa huyu kijana." Akatazama. Kisha nikarudi kwa mukwe wake, pahali pale pale, sonda ile ile. Akatazama muda murefu, anasogeza kichwa. Akasema:

"Wa kijana unapiga makofi. Wa mukwe wangu unapunga mukono tu."

Miaka yote nimesoma sijapata kusikia mutu ameeleza moyo dhaifu hivyo. Yaya aliandika kwenyi daftari, maneno yale yale.

Hakusema tena karuho, ijapokuwa sijui kama aliiacha moyoni. Aliuliza kama maziwa ya mutoto yataendelea, nikamwambia ndiyo, tutachagua dawa zenye zinaendana na kunyonyesha. Mugonjwa alipewa furosemidi, dawa ya kukojolesha maji, alikojoa usiku kucha, asubuhi alilala amelala, si amekaa. Ile habari ya mimba ingine, kwamba inaweza kuwa hatari sana kwake, yaya ameiongea naye na bwana wake pamoja, polepole, na si mara moja tu.

Wiki ya 6: muguu umevimba tena, lakini

Niseme mbele: huyu mutu angepewa dawa ya mama wa Idjwi, labda tungemuua.

Papa wa miaka 38, amekonda, anakohoa miezi miwili, jasho ya usiku, miguu imevimba, pumzi fupi. Radio (picha ya eksirei) ya kifua aliileta ndani ya bahasha: moyo mukubwa kama chungu. Mutu alikuwa tayari ameandika furosemidi kwenyi fishi yake kule alikotoka. Haikuwa imenunuliwa, makuta hayakuwepo, na ile siku ukosefu wa makuta ulifanya kazi ya udaktari.

Elektro inatoka na QRS fupi fupi, kama za mutoto amechora na penseli imekwisha. Enfirmye akasema mashini imewekwa kwa nusu. Swali zuri sana! Mwanzoni mwa karatasi kuna kale kaboksi, kanatakiwa kuwa na urefu wa milimita 10 kwa milivolti 1, kakiwa 5 basi umepima kwa nusu na kila kitu kitaonekana kifupi. Tukapima na rula ya mudogo: 10. Mashini haina kosa. Kwa hiyo ni yeye: chini ya milimita 5 kwa mikono na miguu yote, chini ya 10 kwenyi kifua. Na ukitazama vizuri, QRS moja ndefu kidogo, inayofuata fupi, ndefu, fupi. Moyo unayumba ndani ya kitu.

Swali la pili likaandikwa chini ya la kwanza: "Kuna maji?"

Eko chini ya mbavu: moyo unaogelea. Weusi wa maji pande zote, santimeta 3 nyuma. Tulihakikisha si maji ya pafu, kwa ile picha ndefu ya pembeni ya kifua unatafuta aota, mushipa mukubwa wa damu, yenye inateremka, kale kaduara nyuma ya moyo: maji yakipita mbele yake ni ya moyo, yakibaki nyuma yake ni ya pafu. Yalipita mbele. Na ukuta wa ventrikile ya kuume unabonyea ndani wakati wa kujaa, wakati njo ungetakiwa kupanuka. Vena kava, mushipa mukubwa wenye kurudisha damu kwa moyo, santimeta 2.4, akivuta pumzi haipungui kitu. Tansio 88 juu. Mapigo ya mukono yanakaribia kupotea kila akivuta hewa.

Huyu moyo wake si muchoka. Ni moyo wenye nguvu, umekabwa. Unaishi kwa ile damu inayosukumwa kuingia kwa shida, na furosemidi ingemukojolesha hiyo hiyo damu. Miguu yenye kuvimba ilikuwa sawa na ya mama wa Idjwi, pumzi fupi sawa, njia ni mbili tofauti.

Tulitoa maji na sindano, eko inatuonyesha njia, dokta wa usiku anashika sonda, mi nashika sindano, na sitadanganya, mikono ilikuwa na ile fluteri ya muzee wa Bagira. Yalitoka mekundu ya kahawia, nikaogopa nimeingia ndani ya moyo, tukasukuma maji kidogo ya serumu yenye mapovu tuone yanatokea wapi: yalitokea kwenyi weusi, si ndani ya chumba. Mililita 650. Tansio ikapanda 110 tukiwa bado tunavuta. Alifungua macho akasema, "Dokta, umefungua dirisha?" Makohozi yake yalitoka na kifua kikuu, ameanza dawa za miezi sita.

Wiki ya 8

Wiki ya 7 sikuandika, bateri ya tablete ilivimba, tulikuwa tunatafuta ingine. Imepatikana, bei yake sisemi.

Mudogo amekuwa mukubwa kidogo kichwani juu ya eko, na haki yake, mikono yake sasa ni muzuri kupita yangu. Anakuja papa wa miaka 58, ameanguka mara tatu wiki hii, mara moja sokoni Kadutu katikati ya watu. Mudogo anaweka sonda: moyo unakaza vizuri, hakuna maji, valvu safi. Anaandika "moyo muzuri, arudi nyumbani, apumzike."

Nikauliza swali lake lilikuwa nini. Akafungua daftari. Hakuna. Mustari mutupu.

Elektro: QRS 36 kwa dakika, pana. P ziko nyingi, karibu 90, zinatembea na mwendo wao, QRS nazo na wao, kama watu wawili kwenyi njia moja hawasalimiani. Tulichukua kipande cha karatasi, tukaweka alama kwa kila P, tukakisogeza: P zinaendelea sawa sawa, hata zenye zimejificha ndani ya T. Njia ya umeme toka juu kwenda chini imekatika kabisa. Eko haiwezi kukuambia hiyo kwa urahisi, na kama hujauliza haitakuambia kabisa, itakuonyesha tu musuli muzuri unakaza polepole.

Huyu anahitaji pesimeka, kamashini ka kuendesha mapigo ya moyo, na sisi hatuna. Tumemutuma pahali pakubwa, na kule wanasema familia ilipe kwanza. Watoto wake wanakusanya, kanisa linakusanya. Bado tunangoja simu.

Mudogo alikaa nje kwenyi ngazi. Nilikaa naye, sikusema kitu kirefu. Nilimwambia tu juu ya mama wa Idjwi ningekosea mimi, kwa upande wa pili.

Wiki ya 9

Kifupi, nimechoka. Mutoto musichana wa miaka 13, anachoka kucheza, zamani aliumwaka koo na viungo vilivimba vikihama, goti leo, kiwiko kesho. Sauti kwenyi stetoskopu. P kwenyi D2 ni pana, viboksi vidogo vitatu na zaidi, na iko na mabega mawili. Eko: kale kajani ka mbele ka valvu ya mitrali kanapofunguka kanapinda kama goti limekunjwa. Rumatizimu ya moyo, valvu zinaumia juu ya ugonjwa wa koo wa zamani, ya mwanzo mwanzo, valvu haijabana sana. Sisi si wataalamu, video tumetuma kwa dokta wa moyo na amekubali. Benzatini penisilini, uniti milioni 1.2 kila wiki ine, miaka mingi. Sindano inauma, amelia, kisha akauliza kama itakuwa siku ya shule. Tumemuwekea siku ya posho.

Karatasi za elektro za wiki ya kwanza zimeanza kufifia! Ile karatasi ya joto, ukiiacha kwenyi dirisha inarudi nyeupe. Kuanzia leo kila moja inapigwa picha na simu na fotokopi inabandikwa kwenyi fishi.

Wiki ya 10, siku ya yenga

Simu imekuja. Papa wa sokoni amewekewa pesimeka, anasalimia wote, anauliza yule kijana wa eko. Mudogo alisoma mesaji mara mbili kisha akaenda kupanguza sonda yenye ilikuwa safi.

Daftari la kwanza limejaa. Nimelipitia jioni hii kwa taa ya simu: kurasa za mwanzo maswali ni mabaya mabaya, "moyo?" tu, "angalia moyo", moja imeandikwa "eko". Za mwisho zinaanza kuwa maswali ya kweli. Yaya ameanza hata kuandika jibu gani litamufanya abadilishe dawa, hiyo sikumufundisha mimi. Lakini mistari mitupu bado iko, nimehesabu, na miwili kati yake ni ya kwangu, zote za usiku.

Daftari la pili ni la kurasa 200, lina picha ya timu ya mupira juu, halikuwepo lingine. Jeli ya kweli wanasema itafika na gari ya siku ya ine. Mpaka hapo, kesho saa kumi na mbili asubuhi zamu ya kukoroga muhogo ni yangu, na mama wa jikoni amekwisha sema atakuja kutazama.